SAA MOJA NA MAMA KATIKA KIGARI CHA GOFU

NDUGU msomaji, wewe uliyezoea kupanda daladala alfajiri ukiwa umebanwa baina ya kapu la samaki na bega la mtu usiyemjua, huenda ukacheka nikikwambia kwamba uko mji katika nchi ya Marekani ambako mkazi aweza kungoja zaidi ya miaka ishirini kabla ya kupewa ruhusa ya kuwa na gari. Nasema Marekani, nchi ile ile tunayoambiwa kwamba hata mwanafunzi huenda shuleni kwa gari lake. Wala si kwamba mkazi huyo hana fedha za kununulia. Fedha anazo, na gari angeliweza kulipata kesho, lakini sheria ya mji inamwambia: subiri zamu yako.

Mji huo waitwa Avalon, nao umo katika kisiwa cha Santa Catalina, kilomita kama 35 kutoka pwani ya jimbo la California. Wakazi wake ni wapatao 3,500 tu, walakini wageni wanaofika kila mwaka hukadiriwa kuwa milioni moja. Umekaa katika ghuba ndogo yenye umbo la mwezi mwandamo, na nyuma yake milima imeinuka ghafla kama ukuta, hata nyumba nyingi zimeparamia magenge kwa ngazi. Njia zake ni nyembamba. Kama kila kaya ingelileta gari lake, basi pasingelibaki mahali pa kuweka mguu. Ndipo mji, kwa idhini ya sheria ya jimbo, ukaweka kikomo cha idadi ya magari na cha ukubwa wake. Malori ya mizigo yapo, teksi zipo, na magari ya wachache waliokwisha kupata zamu yapo. Wengine wote huendesha vigari vya gofu.

Kigari cha gofu, kwa asiyekiona, ni kitu kilicho baina ya bajaji na kiti cha bustanini. Kina magurudumu manne madogo, paa, viti vya watu wanne au sita, na hakina milango. Asili yake kilitengenezwa kuwachukua wachezaji wa gofu kiwanjani pamoja na fimbo zao. Mwendo wake ni wa pole. Mtu mwenye baiskeli nzuri, kwenye tambarare, aweza kukuacha. Hakina gia za kuchezea: ni usukani, kikanyagio cha mafuta na kikanyagio cha breki. Katika Avalon nilimwona fundi bomba akipita na mabomba yake yamefungwa juu ya paa, na bibi mmoja na gunia la viazi pembeni kana kwamba ni abiria wake. Na mgeni naye, akitaka kuuona mji wote bila ya kupanda milima kwa miguu, hukodi kigari kwa saa akajiendesha mwenyewe.

Sasa nikueleze sababu iliyonifikisha huko, kwani mimi si mtu wa kutalii kwa kawaida yangu.

Mnamo Agosti 2023 nilikwenda katika jiji la Long Beach kumchukua Mama. Dada yangu mdogo, aliyeolewa huko, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na Mama alikuwa ametoka Tanga miezi minne kabla kwenda kumlea mzazi, kama ilivyo desturi yetu. Alimkanda, akamwogesha mtoto, akapika uji wa pilipili manga kwa sufuria ambazo alizilaumu kila siku kwamba ni nyepesi. Kazi yake ilipokwisha, hakuwa na jingine la kufanya. Magoti ya Mama yameharibika. Hawezi kutembea masafa marefu. Na katika miji ile, asiye na gari na asiye na miguu ni mfungwa, hata kama nyumba anayokaa ina zulia. Dada na mumewe walikuwa kazini mchana kutwa. Nilipofika nilimkuta Mama ameketi dirishani, na nikaambiwa kwamba hapo ndipo alipokuwa akiketi.

Lakini dada yangu hakutaka aondoke. Alikwisha kuuliza habari za kumwombea kibali cha kukaa moja kwa moja. Alikuwa na hoja nzito: hospitali nzuri, mjukuu, na Tanga nyumba imebaki tupu tangu Baba afariki. Shemeji naye aliunga mkono. Mama alisikiliza yote akasema, "Tutaona." Ewe msomaji uliyelelewa na mama wa pwani, wajua neno hilo lina uzito gani.

Siku tatu kabla ya tarehe iliyoandikwa katika tikiti, shemeji alitoa shauri twende wote kisiwani, ili Mama apunge hewa. Tulipanda boti iendayo kasi, safari ya kama saa moja. Njiani pomboo waliruka ubavuni mwa chombo, na Mama, ambaye amewaona tangu utoto wake, aliwaonyesha Wamarekani waliokuwa karibu kama mwenyeji awaonyeshaye wageni.

Hapa niseme kidogo juu ya kukodi, maana huenda msomaji mmoja akajaliwa kufika. Maduka ya vigari yapo pwani, hatua chache kutoka gatini. Wanataka leseni ya udereva iliyo hai, na dereva awe na umri usiopungua miaka 21; wako pia wanaodai 25. Utalipa kwa saa, na kwa kigari cha watu wanne hesabu zaidi ya dola 40 kwa saa moja, fedha ambayo kwa mshahara wetu si ya mchezo. Juu yake utaweka dhamana, nayo utarudishiwa kigari kikirudi salama. Utapewa ramani ya karatasi iliyochorwa njia za kupita na njia zilizokatazwa, kwa kuwa kigari hakiruhusiwi kutoka nje ya mipaka ya mji kwenda bara ya kisiwa. Saa huanza kuhesabiwa pale pale utiapo sahihi, kwa hiyo maswali yako yote uliza kabla ya kushika kalamu. Na usidhani kwamba kwa vile chombo ni kidogo basi sheria nayo ni ndogo. Mlevi hukamatwa kama aliye katika gari kubwa.

Jambo la mwisho, na hili halikuandikwa katika ramani: kule huendesha upande wa kulia wa barabara. Mimi nimeendesha miaka mingi, lakini upande wa kushoto.

Dada alisema atabaki na mtoto katika benchi la pwani, kwani kigari kisicho na milango hakikumpendeza kwa mtoto wa miezi minne. Shemeji alikaa nyuma, kwa heshima ya mama mkwe. Mama alipanda mbele kando yangu. Kiti ni cha chini, hakikumlazimu kukunja goti wala kusaidiwa na mtu. Alijiweka sawa, akaufunga mtandio wake, akauliza, "Haya, twaenda wapi?" Nikamwambia ni hiari yake. Alinitazama kidogo, kisha akanyosha kidole kushoto, kwenye jengo kubwa jeupe la mviringo lililosimama ncha ya ghuba.

Jengo hilo huitwa Casino, na jina lisikupotoshe. Hapana kamari inayochezwa humo. Waliolijenga walilitumia neno hilo kwa maana yake ya Kiitalia, mahali pa watu kukusanyika. Lilifunguliwa mwaka 1929. Chini mna ukumbi wa sinema, mmoja katika zile za mwanzo kabisa kujengwa kwa ajili ya filamu zenye sauti. Juu yake mna ukumbi wa dansi wa mviringo, ambako bendi kubwa za miaka ya 1930 zilipiga na muziki wake ukarushwa kwa redio nchi nzima. Ili umati wa wachezaji upande na kushuka bila ya kusongamana, waliweka njia za mteremko badala ya kutegemea ngazi peke yake. Mama aliposikia hilo alifurahi kuliko nilipomweleza habari za bendi. "Waliwafikiria wenye magoti," alisema.

Mwenye kujenga alikuwa William Wrigley Mdogo, tajiri wa Chicago, ambaye mnamo 1919 aliinunua kampuni iliyokuwa ikikimiliki kisiwa karibu chote. Ndugu msomaji, mtu huyu humjui, lakini alikwisha kuingia kinywani mwako. Ndiye mwenye ile chingamu. Kama uliwahi kuwa mtoto katika Afrika Mashariki ukatafuna PK, ukaibandika chini ya dawati mwalimu alipoingia, basi jina la ukoo huo lilikuwa limechapwa kwenye karatasi uliyoitupa. Kwa faida ya vipande vile vya senti chache kisiwa kilinunuliwa, kikajengwa, kikatiwa maji na meli za kuleta wageni. Hata timu yake ya besiboli, Chicago Cubs, aliileta hapa kufanya mazoezi kila mwanzo wa mwaka, tangu 1921 hadi 1951, isipokuwa miaka ya vita. Nilimweleza Mama. Akasema kumbe ndiyo sababu alikuwa akitukataza, tulikuwa tukimnunulia mtu kisiwa.

Kutoka Casino tulipanda njia ya mlimani. Hapo ndipo utakapokijua kigari cha gofu. Injini ilinguruma kwa uchungu, mwendo ukawa wa mtu atembeaye, na nyuma yetu wakajipanga vigari vinne vya watu wasio na haraka. Upande mmoja ni gema lenye mipungate, upande wa pili ni bahari chini kabisa, na baina yako na bahari hapana mlango. Mama alishika chuma cha paa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanishika mimi. Tuliupita mnara wa kengele, uliojengwa 1925 kwa zawadi ya mke wa Wrigley, ambao tangu asubuhi hadi usiku huingia hugonga kila baada ya robo saa. Uligonga tulipokuwa chini yake. Karibu na hapo ipo nyumba ya Zane Grey, mwandishi wa hadithi za wachunga ng'ombe, aliyeijenga 1926 kwa mtindo wa nyumba za udongo za Wahindi Wekundu wa jangwani.

Wahindi Wekundu wa kisiwa chenyewe hawakupata mnara. Walikuwa Watongva, na kisiwa wakakiita Pimu. Walichonga vyungu kwa jiwe laini, wakavivusha bara kuviuza, kwa mashua za mbao zilizoshonwa kwa kamba na kuzibwa kwa lami. Shemeji aliposoma habari hizo katika kijitabu, Mama alimkatiza: "Mtepe huo." Na kwa hakika ni jambo la kustaajabisha kwamba watu wa pwani mbili zisizojuana kabisa walifikia hila moja ya kushona chombo. Wahispania walifika 1542; kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 19 wenyeji walikuwa wamekwisha kuhamishiwa bara au kufa kwa maradhi.

Kushuka upande wa pili ndiko nilikotenda kosa langu. Tulifika njia panda, nikakata kona, na mkono wangu, bila ya kuniuliza, ukanipeleka kushoto. Mbele yangu kikatokea kigari kingine chenye bwana mmoja na watoto watatu. Shemeji alipiga kelele, nikakanyaga breki, naye bwana yule akakanyaga yake, tukasimama tumetazamana uso kwa uso kama mbuzi wawili darajani. Hapana aliyeumia. Niliomba radhi, nikajirudisha nyuma kwa aibu. Mama hakusema kitu mpaka tulipokwisha kuendelea, kisha akasema kwamba marehemu Baba alikuwa akiendesha lori la mkonge na hakupata kumwelekea mtu hivyo. Basi wewe utakayeendesha huko, jiambie kwa sauti katika kila njia panda: kulia. Mwendo mdogo hupunguza madhara, hauondoi kosa.

Bondeni tuliupita uwanja wa gofu, ambao ni wa tangu 1892, tukaenda hadi bustani iliyo mwisho wa njia, yenye jengo kuu la kumbukumbu ya Wrigley lililopambwa kwa vigae vilivyofinyangwa papa hapa kisiwani. Mama hakutaka kushuka. Alisema ngazi zile si za mtu kama yeye, tena saa yetu inakwenda. Alikuwa ameanza kuihesabu saa kama aliyeilipa. Kulia, akasema. Sasa panda. Hapo simama. Alikuwa akiniamuru kwa kidole, na niligundua kwamba muda mrefu sikuwa nimemwona katika hali hiyo.

Tulipanda tena, safari hii mlima wa upande wa pili wa mji, ambako Wrigley alijenga nyumba yake ya fahari mwaka 1921; siku hizi ni nyumba ya wageni. Yapo mahali hapo ambapo barabara inapanuka, na ghuba yote huonekana: Casino ng'ambo, mashua zimefungwa kwa mamia, na kule pwani mabenchi, ambako kama ungelikuwa na macho ya kipanga ungelimwona dada yangu na mtoto. Nilizima injini. Kimya kilikuwa kikubwa.

Mama aliuliza, "Mimi siwezi kukiendesha hiki?"

Nilimwambia sheria hairuhusu, mpaka awe na leseni.

"Si nauliza sheria. Nauliza kama naweza."

Shemeji akajibu nyuma kwamba anaweza, mbona si kigumu.

"Basi baba," akamwambia mkwewe, bila ya kugeuka, "nisikilize, nawe mwanangu sikiliza. Kwenu nimekaa vizuri. Sikunyimwa kitu. Lakini miezi minne dunia nimeiangalia kupitia kioo, nimepelekwa na kurudishwa kama kifurushi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesema kushoto, tukaenda kushoto. Tanga nikisema nataka kwenda Ngamiani, namwita kijana wa bajaji, ananijua, ananipeleka, ananingoja. Nitarudi kwangu. Mjukuu nitamwombea dua, nanyi mleteni."

Shemeji alinyamaza kitambo. Mwisho akasema, "Mama, mke wangu nitamwambiaje?"

"Hutamwambia wewe. Nitamwambia mimi."

Nilitia moto tukaanza kuteremka. Njia ya kuteremkia inakupeleka pwani ya nyuma ya mlima, ambako picha za kuwavutia watalii hazifiki. Huko ndiko kilipo kituo cha umeme na mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, uliowekwa mwaka 1991, kwani kisiwa hiki ni kikavu. Katika ukame wa miaka ya 2014 hadi 2016 watu wa Avalon waliwekewa mgao mkali wa maji, na hata leo vyooni hutumia maji ya chumvi. Tuliwakuta wafanyakazi wamekaa kivulini wakila, viatu vizito miguuni. Wao ndio wenye kuuendesha mji. Mama aliwapungia mkono, wakampungia. Nakiri kwamba sehemu hiyo ilinipendeza kuliko jengo la vigae.

Najua utaniuliza, je, jambo kama hili haliwezekani kwetu? Lamu ni mji wa punda tangu zamani, na Mji Mkongwe wa Unguja una vichochoro ambavyo hata kigari hiki kingekwama. Huko miguu yatosha, na sioni haja ya kuiga. Lakini mtu akinijia na shauri la kuwawezesha wazee wetu waizunguke miji yetu kwa mwendo wao wenyewe, wakisimama watakapo, nitamsikiliza hata kama hana kigari cha gofu. Bajaji ilikwisha kutufundisha nusu ya somo hilo.

Tulirudi zikiwa zimebaki dakika nne. Kijana wa dukani alikizunguka kigari, akachungulia magurudumu, akaandika katika daftari lake. Mama hakungoja. Alishuka mwenyewe, akavuka njia polepole akienda kwenye benchi alikokuwa dada yangu. Nilimwona amekaa, amempokea mtoto, na mkono wa pili ameuweka juu ya goti la bintiye. Walizungumza kwa muda. Dada aliinamisha kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya nguo ya mtoto, kisha akauliza kitu, na Mama akacheka.

Shemeji akaniambia tusiende bado. Tukabaki pale dukani, tukijifanya tunahesabu fedha za dhamana.